Tupeane uzoefu: siku uliyokabidhiwa watu wa kuwasimamia

Mama wa Uyole: Habari za baridi, ndugu zangu. Jana, ndani ya daladala kutoka Kabwe, kijana mmoja alikuwa akimlalamikia mwenzake kwenye simu kwamba tangu apandishwe cheo hapati usingizi, nami nikaukumbuka mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa karani hodari wa hesabu, nikaamini kwamba msimamizi ni karani hodari aliyeongezewa meza. Kwa miezi minne nilirudia kwa mkono wangu kila hati iliyoandikwa na watu wangu sita, hadi wakaacha kujisumbua, kwa sababu walijua kwamba nitairudia tu. Ninyi mlianzaje?

Chai ya Tukuyu: Mimi nilirudia hata kufagia.

Maranda: Nilifanywa nyapara nikiwa na miaka 26, katika kiwanda kidogo cha mbao karibu na Mafinga. Miongoni mwa vibarua 11 alikuwamo mzee aliyenifundisha kunoa msumeno na ambaye ndiye aliyenipeleka kwa tajiri kuomba kazi. Siku ya tatu lori la Dar es Salaam lilichelewa kupakiwa, tajiri akanifokea kwa simu, nami ukali ule wote nikaushushia kwa mzee, mbele ya vijana aliowafundisha kama alivyonifundisha mimi. Hakujibu neno. Alivua glovu zake, akazilaza juu ya meza ya msumeno, akanawa mikono, akaondoka. Kesho yake nilifika saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa umelifunika hata lori, nikasubiri hadi saa tatu asitokee kibarua hata mmoja. Nilipakia mbao pamoja na dereva na utingo wake mpaka mgongo ukakataa, na jioni nikaenda kwa mzee na kilo mbili za sukari. Aliniacha nimalize kuomba radhi, ndipo akaniambia kwamba walichelewa kwa sababu alikuwa akizitenga mbao zilizopasuka, ambazo mnunuzi angezirudisha kwa gharama yetu. Mimi sikuwa nimeuliza.

Afisa Utumishi: Pole, ndugu. Hata kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinataka makosa madogo yarekebishwe kwanza kwa ushauri wa kawaida. Sheria hiyo hiyo inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa hiyo lori kuchelewa si sababu ya kuwakesha watu bila malipo ya ziada.

Mkinga Halisi: Mheshimiwa, umewahi kupakia mbao kwenye ukungu?

Afisa Utumishi: Nimezaliwa Makambako. Tafadhali usinifundishe ukungu.

Mkinga Halisi: Basi unajua pia kwamba mtu haendi kumwomba mzee radhi peke yake. Alipaswa kutangulizwa mtu mzima. Sukari bila mtu mzima ni hongo.

Dada wa Viazi: Kosa langu lilikuwa kinyume cha yote hayo, maana mimi niliachia kila kitu. Nilimkabidhi mpwa wangu funguo za stoo huko Njombe, yenye magunia 140 ya viazi, bila daftari wala siku ya ukaguzi, nikaenda kumuuguza mama kwa wiki tano. Niliporudi magunia yalikuwa 140, nikamsifu mbele ya majirani. Mnunuzi alipokuja na kuvuta safu ya nyuma, gunia likanyanyuka kwa mkono mmoja. Magunia 52 yalikuwa yameshindiliwa maranda.

Chai ya Tukuyu: Mpwa yuko wapi sasa?

Maranda: Naomba ieleweke kwamba maranda hayo hayakutoka kwetu.

Dada wa Viazi: Yuko Tunduma, ana duka. Kila Krismasi hututumia mchele, nami hulipima gunia kabla ya kushukuru.

Mkinga Halisi: Ndiyo maana ndugu haajiriwi.

Chai ya Tukuyu: Ndugu ndiye wa kuajiriwa. Mgeni ungemdai mchele wapi?

Mama wa Uyole: Tumehama mada, ingawa nami nilitaka kujua habari za mpwa. Dada, sasa unakabidhije?

Dada wa Viazi: Tunahesabu wawili, tunapima magunia machache ya kila safu, tunasaini sote, na ninamwambia siku moja tu ya ukaguzi kati ya mbili nitakazokuja. Mengine namwachia, hata bei, ili mradi asishuke chini ya ile tuliyokubaliana.

Afisa Utumishi: Siku zote mbili zitajwe. Huo ni mtego, si usimamizi.

Dada wa Viazi: Wewe hujapoteza magunia 52.

Mama wa Uyole: Ndugu Maranda, yule mzee alirudi?

Maranda: Alirudi Jumatatu, na vijana wote nyuma yake. Glovu zilikuwa pale pale juu ya meza, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzigusa, hata mimi.