Rimu za inchi 15 zinagusa kalipa za mbele kwenye Hilux: nifanyeje?

Mkulima_wa_Viazi aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya dabo kebini, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo niliinunua ikiwa na rimu za aloi za inchi 17 na tairi za 265/65R17. Kwa kuwa gari hili hubeba mbolea na viazi kutoka mashambani huku Njombe, na kwa kuwa rimu mbili za aloi zimekwisha kupata nyufa kwa sababu ya mashimo, niliamua kuhamia rimu za chuma, ambazo zikipinda fundi yeyote wa kijijini anaweza kuzinyoosha. Nilipata nne za inchi 15 zilizotoka kwenye Hilux ya zamani, zikiwa tayari na tairi za 235/75R15, na matundu yake sita yanalingana kabisa na stadi (boliti za gurudumu) za gari langu.

Nyuma, kwenye dramu, ziliingia bila shida. Mbele zimegoma: rimu inakaa kwenye habu (kitovu inapofungwa) vizuri, lakini nati zikianza kukazwa gurudumu halizunguki tena, na ukichungulia unaona kalipa, ile inayobana diski ya breki, imekwaruza chuma upande wa ndani. Fundi wangu anasema tuchague moja kati ya mawili: kuweka spesa (bamba la kusogeza rimu nje) za milimita 5, au kusaga kidogo bega la kalipa kwa grainda, akidai kwamba pale chuma ni kinene na hakuna kitakachoharibika. Diski ya mbele nimeipima, ina kipenyo cha milimita 319. Kwa sasa natembea na inchi 15 nyuma na inchi 17 mbele. Naomba ushauri wa aliyekwisha kukutana na jambo hili kabla sijaruhusu grainda iwashwe.

Gereji_ya_Uani alijibu:

Ndugu, grainda isiwashwe. Ndani ya kalipa mna mafuta ya breki yanayosukumwa kwa nguvu kubwa kila unapokanyaga pedali, na lile daraja linalopita juu ya diski, ambalo fundi wako anaona lina chuma cha ziada, ndilo linalozuia pande mbili za kalipa zisiachane. Ukilipunguza huenda lisipasuke leo wala kesho, lakini litaanza kunyumbuka, pedali itakuwa laini, nawe unateremka milima ya huko ukiwa na magunia nyuma. Kusaga rimu kwa ndani nako ni vilevile. Unaondoa unene mahali ambapo rimu inabeba mzigo.

Tufanye hesabu uone kwa nini haiingii. Rimu ya inchi 15 ina kipenyo cha milimita 381 pale tairi inapokaa, kwa hiyo kutoka katikati ya habu hadi hapo ni takribani 190. Hata hivyo rimu haiko sawa upana wake wote: ina bonde, lililowekwa ili tairi iweze kuvalishwa, na bonde hilo huzama kwa karibu milimita 17. Ukitoa na unene wa chuma, pale bondeni unabaki na kama 170. Diski yako peke yake imekwisha kula 160. Hizo 10 zilizobaki haziwezi kutosha daraja la kalipa, seuze nafasi ya kupumulia. Hilux ya zamani ilikotoka hiyo rimu ilikuwa na diski ndogo zaidi, ndiyo maana haikulalamika.

Kuhusu spesa, inategemea rimu inagusa wapi. Kama kalipa ingekuwa inagusa uso wa rimu, yaani upande wa matundu ya stadi, spesa nyembamba ingeisogeza nje na tatizo lingekwisha. Kwako inagusa bonde, na spesa itahamisha tu bonde hilo pembeni. Pengine litaikwepa kalipa, pengine ukuta wake utaikuta vilevile. Ukitaka uhakika, bandika vipande vya udongo laini juu ya kalipa, vaa rimu, izungushe kwa mkono taratibu, kisha ivue upime udongo uliobaki una unene gani. Mimi sikubali chini ya milimita 3, kwa sababu rimu hunyumbuka kwenye kona, beringi zina uchezaji wake, na vile vyuma vya balansi vinavyobandikwa ndani ya rimu navyo vinahitaji nafasi. Kwenye barabara za changarawe hata 3 ni kidogo: kijiwe kikinasa kati ya kalipa na rimu kitachonga mfereji wa duara kabla hujaelewa mlio unatoka wapi.

Tena stadi za Hilux ni za milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati husogea milimita 1.5. Spesa ya milimita 5 inakunyang'anya mizunguko mitatu na zaidi. Nati inapaswa kushika angalau mizunguko 8. Ikishika pungufu ya hapo, usiendeshe.

Dereva_wa_Mlimani alijibu:

Mkuu, kabla ya mambo ya kalipa, kuna jambo umelitaja kwa kupita nalo ndilo lililonishtua. Tairi ya 265/65R17 ina kimo cha milimita 776 hivi, na ya 235/75R15 ina 733 hivi. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya asilimia 5 kati ya mbele na nyuma. Hilux haina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo, kwa hiyo ukiingiza gia ya kuvuta kwa magurudumu yote, shafti ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa huku tairi za nyuma zikitaka kuzunguka haraka zaidi. Kwenye tope utelezi utakusamehe kidogo, lakini kwenye lami au ardhi kavu utavunja kitu ndani ya gia boksi ndogo (inayogawa nguvu mbele na nyuma) au kwenye difu. Rudisha inchi 17 nyuma leo, au usiiguse hiyo gia kabisa.

Umetumia nati zipi kule nyuma? Baadhi ya rimu za aloi za Toyota hutumia nati bapa zenye washa na shingo, ilhali rimu za chuma zinahitaji nati zenye mdomo uliochongoka kama koni. Ukizichanganya, nati huonekana imekaza kumbe haijakaa, nayo hulegea yenyewe njiani.

Mkulima_wa_Viazi aliandika:

Nashukuru sana, wakuu. Nati nimeziangalia, ni zile za bapa. Nimezirudisha rimu za zamani usiku huuhuu kwa mwanga wa simu. Sasa, jirani yangu ana rimu za chuma za inchi 16 za Mitsubishi L200, nazo zina matundu sita. Je, hizo zitafaa?

Gereji_ya_Uani alijibu:

Hazitaingia. Mpangilio wa stadi ni uleule, duara la milimita 139.7, lakini tundu la katikati la L200 ni milimita 67.1 na habu ya Hilux inahitaji 106. Matundu sita yamewadanganya wengi: Ford Ranger ina duara hilohilo lakini tundu lake ni 93.1, Isuzu D-Max ina 100.1, na Nissan Navara ya toleo la D40 ina stadi sita ambazo duara lake ni 114.3, kwa hiyo hata stadi hazilingani.

Tafuta rimu za chuma za inchi 16 za Hilux yenyewe. Unaongeza milimita 12.7 kutoka katikati kwenda nje, na kwa diski yako hiyo inatosha. Ukizivalisha tairi za 265/70R16 kimo kinakuwa 777, karibu sawa na ulichonacho, hivyo spidomita haitadanganya na tairi ya akiba ya inchi 17 unaweza kuendelea kuitumia kwa dharura. Kipimo cha udongo ukifanye vilevile, hata kama muuzaji ataapa.

Mkulima_wa_Viazi aliandika:

Narudi na majibu baada ya wiki mbili. Nimepata rimu nne za inchi 16 pamoja na nati zake za koni. Udongo uliobaki juu ya kalipa, mahali pabana kabisa, ulikuwa na milimita 7, na gurudumu linazunguka bila kelele. Nimekwisha kwenda shamba na kurudi mara tatu, moja ikiwa kwenye mvua, na kila niliporudi nilikaza nati upya. Safari ya kwanza mbili zilikubali robo mzunguko, baada ya hapo hakuna iliyosogea. Fundi amekubali kwamba grainda haikuwa na kazi hapa, ingawa bado anaitetea spesa yake.

Rimu za inchi 15 pamoja na tairi zake ninazo bado. Mwenye Hilux ya zamani anayezihitaji anitumie ujumbe, ila aanze kwa kupima diski yake ya mbele.