Tupeane uzoefu: uliyewahi kuapdeti redio au ramani ya gari mwenyewe, ilikuwaje?

Dereva wa Jumapili

Wakuu, habari za mapumziko. Nina gari la kutoka Japani, mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi nikiwasha kuna mama wa Kijapani ananiambia kitu kwa sauti laini, halafu ananyamaza. Maandishi yote ni ya kwao. Ramani ni bluu tupu na kigari changu kipo katikati, utadhani nilipanda feri ya Kigamboni nikasahau kushuka. FM inaishia 90.

Fundi wa kwanza kaniambia ng'oa hiyo, nikufungie ya Android. Wa pili anasema anaingiza programu mpya kwa elfu themanini, ila hataki nikae pale akiwa anafanya. Hilo la kufukuzwa ndilo lililonileta hapa. Waliojaribu wenyewe, mlifanya nini, kikaharibika nini, kikapona vipi? Tafadhali msiniambie "nenda kwa fundi mzuri". Huyo namtafuta tangu ninunue gari.

Babu Spana

Mkuu, la FM nikutoe hapo hapo. Japani wanatangazia 76 hadi 90, baadaye wakasogeza mpaka 95. Sisi tunaanzia 87.5 mpaka 108. Kwenye redio nyingi za kwao hayo yamo kwenye tyuna yenyewe, kile kifaa cha ndani kinachonasa stesheni, hubadilishi kwa kuingiza programu ya flashi. Kuna kidude kinachokaa kwenye waya wa antena, bendi ekspanda, kinashusha masafa. Cha kwangu kinashusha 12, kwa hiyo stesheni ya 98.0 naipata kwenye 86.0. Unazoea. Tatizo lake ni kwamba kinachoshusha 12 kinaishia 102, za juu ya hapo husikii, kwa hiyo uliza namba kabla hujalipa.

Sasa yaliyonikuta. Gari langu la kwanza la Kijapani ramani yake ilikuwa kwenye kadi ya SD nyuma ya skrini. Nikajisemea, ramani ya Osaka itanisaidia nini Mbagala? Nikaitoa, nikaifomati, nikajaza taarabu. Wiki mbili mbele betri ikafa, nikafunga nyingine. Kuwasha, skrini inaleta mistari ya Kijapani na herufi ERC na namba ndefu chini yake. Hakuna redio, hakuna CD, hakuna chochote. Kumbe kwenye redio ile kadi haikuwa ya ramani peke yake. Programu ya kuiwasha ilikuwa humo humo, na mimi nimeifuta kwa mkono wangu.

Nikaazima kadi ya jirani mwenye redio kama yangu, nikanakili kila faili. Redio ikaikataa, maana inasoma mpaka namba ya kadi yenyewe. Mwisho nilinunua kadi iliyotoka kwenye redio mbovu, pamoja na namba ya kufungulia, na bei yake nisiitaje, wife anasomaga humu.

Wambo wa Rongai

Niko Nairobi. Yangu ni ya Android, niliinunua Luthuli Avenue. Muuzaji alisema ni Android 13, na ukifungua mipangilio kweli imeandikwa 13. Nikaweka programu ya kukagua simu, ikasoma 10. Wanabadilisha maandishi tu. Nikakasirika, nikasema nitaipandisha mwenyewe.

Nikapata faili kwa jamaa wa mtandaoni, redio sura moja na yangu, vitufe hivyo hivyo. Nikaweka kwenye flashi, nikachomeka, ikauliza kama niendelee, nikakubali. Dakika kumi hivi. Ikawaka, na kila kitu kinyume. Nikigusa kushoto inajibu kulia. Nataka ramani, inafungua redio. Vitufe vya usukani vimekufa, na kamera ya kurudi nyuma ni giza. Nilitoka pale maegesho ya ofisi kwa kuelekezwa na askari wa getini kama mwanafunzi wa udereva.

Kilichoniokoa ni picha. Siku ile ilipofungwa nilimtumia kaka yangu picha ya ule ukurasa wa mwisho wa mipangilio, ule wenye jina la bodi na namba ya MCU, ile chipu ndogo inayoendesha redio, eti nimwonyeshe nimenunua kitu cha maana. Nikarudi kwenye hiyo picha, nikatafuta faili linalolingana herufi kwa herufi. Sura ya redio usiiamini, maganda ni mamoja lakini bodi za ndani ni za viwanda tofauti. Kwa vile skrini haikuwa inanisikia, nikaingilia tundu la riseti. Unabonyeza kwa sindano unashikilia, ukiachia inakwenda kutafuta faili kwenye flashi yenyewe.

Ikarudi vizuri, ila usukani na kamera bado. Hapo kuna menyu ya kiwandani yenye namba ya siri. Yangu ni 8888, zingine ni 126, ulizia yako. Ndani unachagua aina ya gari kwa ajili ya kile kisanduku cha CAN kinachotafsiri lugha ya gari kwa redio. Nilijaribu chaguo sita, ya saba honi... samahani, ya saba sauti ikapanda nilipobonyeza usukani. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Dereva wa Jumapili

Dada Wambo, kwa hiyo sasa ni 13 kweli?

Wambo wa Rongai

Bado ni 10, kaka. Lakini inasema ukweli.

Chaki na Vumbi

Mimi ni mwalimu, wa kwangu ni mkasa wa tarehe. Ilikuwa Aprili 2019, nawasha gari, skrini inasema Agosti 1999. Nikaiseti, kesho yake imerudi 1999. Fundi umeme akataka kubadili betri, mwingine akataka kufungua dashibodi nzima.

Gari lilikuwa zima. Redio ile inachukua tarehe kwenye GPS, zile satelaiti za kuonyesha njia. GPS huhesabu muda kwa wiki, na hesabu yake ya zamani inabeba wiki 1024 tu, miaka 19 na nusu na kidogo. Ikijaa inarudi sifuri. Ilijaa Agosti 1999, ikajaa tena tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa ambavyo programu zake hazikuandaliwa vikadhani tumerudi. Njia yenyewe ilikuwa inaonyesha sawasawa, tarehe tu ndiyo iliyochanganyikiwa. Dawa ni programu mpya, na kwa redio yangu haikuwahi kutoka. Nimebandika saa ya mkononi juu ya dashibodi, mkanda nimekata.

Vumbi la Manyara

Sisi wa utalii hapa Arusha hatutegemei skrini ya gari, tunatembea na Garmin, kile kifaa cha GPS cha kubeba. Ramani nilizokuwa nazo zilikuwa zinaishia lami. Wenye hela wananunua ramani za Tracks4Africa, nzuri sana kwa njia za porini. Mimi nilianza na za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, za bure. Faili linaitwa gmapsupp.img, unaliweka kwenye kadi ndani ya folda yenye jina Garmin, basi. Mara ya kwanza halikuonekana, nikahangaika siku nzima. Kumbe nilipolipakua mara ya pili kompyuta ilikuwa imeongeza (1) mwishoni mwa jina. Nikaifuta hiyo (1), Karatu nzima ikajitokeza.

Kwa wa Dar hizo ramani ni tamu zaidi. Ule mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi walizunguka kata zinazofurika maji wakichora mitaa na mitaro. Nilimpeleka mgeni Tandale, kichochoro kimoja kimoja kilikuwamo.

Mtoto wa Mabibo

Yangu fupi. Skrini ya kiwandani, gari la 2015, faili la programu mpya nililipakua kwa bando la usiku, siku tatu. Flashi ya kwanza ilikataa faili kwa sababu ilikuwa imefomatiwa FAT32, na fomati hiyo haibebi faili moja linalozidi GB 4. Nikaifomati exFAT, fomati nyingine inayobeba mafaili makubwa, redio nayo ikaikataa. Kuja kusoma maelezo, kumbe faili lilitakiwa kufunguliwa kwanza, ndani kuna vipande vidogo vidogo. FAT32 ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Niliacha injini inaunguruma, nje, si ndani ya banda, maana ukiwasha swichi tu gari linajizimia umeme lenyewe baada ya muda. Asilimia 60, mwanangu kafungua mlango, kachomoa flashi, kachomeka yake ya katuni. Skrini nyeusi. Nilimtazama, akanitazama. Nikarudisha flashi, nembo ikawaka ikazima, ikawaka ikazima, kama robo saa. Halafu ikaendelea ilipoishia. Sina maelezo ya kitaalamu. Nilichinja kuku.

Mkunazini

Dereva wa Jumapili, wajuba wote hawa hawajakujibu la yule mama yako wa Kijapani. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. Ni ile kadi ya kulipia barabara za haraka za Japani. Haihusiani na redio wala programu, usimpe mtu elfu themanini. Tafuta kiboksi kidogo chini ya dashibodi au ndani ya kiboksi cha abiria, chomoa soketi yake. Na kadi ya ramani usiiguse, ushamsikia Babu.

Dereva wa Jumapili

Nimekiona, kilikuwa nyuma ya magoti ya dereva. Dakika tano. Leo asubuhi nimewasha gari, kimya. Mke wangu kakaa kidogo, akauliza: mbona leo hatusalimiwi?