Mtu anakuuzia bamba la kukinga mawe, halafu anakuuliza "KWANI ULIGONGA JIWE?"

Mwendo_wa_Kobe

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado na oili, simu yenyewe inateleza, kwa hiyo herufi zikikosewa mnivumilie.

Yule jamaa mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa mabamba ya kukinga chini ya gari, mwenye maneno laini kama grisi, ovaroli yake haijawahi kuona doa tangu ishonwe. Eeh, huyo huyo.

Leo gari langu limefika kwake kwa kuvutwa na kamba. Bamba limebonyea kwenda juu, likaibusu sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, sampo ikapasuka, oili yote ikabaki njiani. Mstari mweusi niliouchora ardhini nadhani hata mwezini unaonekana. Jamaa akainama, akachungulia uvunguni, akanyamaza kama daktari mwenye habari mbaya. Akainuka. Akapangusa mikono ambayo haikugusa kitu. Akaniangalia kwa huruma, akasema:

"Kaka, kwani uligonga jiwe?"

KWANI NILIGONGA JIWE?

Sasa nilinunua bamba la nini, la kujikinga na vipepeo?

Gari lilitoka kiwandani na kijiplastiki chini ya injini, kile cha kuzuia maji na vumbi, ukikipiga teke kinalia. Nikamwambia nataka kitu cha njia za mawe. Nilikuwa nafikiria chuma. Yeye akanitoa huko kwa hesabu: mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 5 ni kama kilo 39, ya alumini ya milimita 6 ni kama kilo 16. Pua ya gari itainama, springi za mbele zitachoka, chukua alumini. Hesabu yenyewe ni ya kweli, ndiyo iliyoniponza. Tapeli mwenye hesabu za kweli ni hatari kuliko mwongo wa kawaida.

Na jiwe lenyewe mngeliona mngelia. Lina ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Mimi nimo gia nzito, natambaa kama bibi harusi anaingia ukumbini. Nikasikia "ngwe!" Halafu "krrrrr". Halafu taa ya oili.

Halafu masaa manne baadaye, "Kaka, kwani uligonga jiwe?" Na lile "kaka" ndilo linaloniuma zaidi. Kaka wa nani?

---

SpanaNambaKumi

Nimetandika mkeka. Endelea mkuu.

---

Tope_Mpaka_Magotini

Ila mkuu tuwe wakweli. Kwani uligonga jiwe?

---

Mwendo_wa_Kobe

Tope, nakuheshimu, usinianze.

---

FundiMstaafu

Kijana, pole. Jamaa tunamjua, tuache hayo. Nijibu mambo mawili. Bamba lilifungwa wapi, kwenye chesisi au kwenye vibati vya bodi? Na kati ya bamba na sampo paliachwa nafasi ya vidole vingapi? Bamba hata liwe zuri vipi, likikaa limegusana na sampo, unachofanya ni kulipatia jiwe nyundo.

Halafu tafuta sumaku. Iweke juu ya bamba. Alumini haishikwi na sumaku.

---

Dada_Difu

Afadhali wewe yako imekufa mara moja ukapumzika. Mimi huyo huyo alinifungia bamba halina tundu la kumwagia oili. HALINA. Kila nikibadilisha oili nafungua bolti nane, na bamba la chuma linanishukia kifuani kama mume mlevi. Nilipomuuliza tundu liko wapi akasema "tundu linapunguza nguvu, dada". Vichwa vya bolti navyo vimetokeza nje, havikuzamishwa, vikasagwa na mawe mpaka vikawa duara. Spana haishiki. Mara ya mwisho nilizitoa kwa patasi na matusi.

---

SpanaNambaKumi

Dada Difu, hiyo "tundu linapunguza nguvu" ni kali kuliko ya mwenye uzi. Nimeihama kambi.

---

Mwendo_wa_Kobe

Dada pole, lakini wewe hakukuuliza kama uligonga jiwe. Hebu vaeni viatu vyangu. Mtu kachungulia, kaona mchubuko wa jiwe, kaona vumbi la jiwe, mahali fulani pale kuna KIPANDE cha jiwe kimekwama. Halafu anauliza! Ni sawa na muuza mwavuli akuulize kwani ulinyeshewa.

Mzee FundiMstaafu, naenda kutafuta sumaku.

---

Gia_ya_Nyuma

Mimi niongee la kwangu kabla uzi haujafungwa. Yeye kanifungia mabamba mawili, la injini na la giaboksi. Mnajua ukingo wa nyuma wa bamba la mbele unatakiwa ukae chini ya ukingo wa mbele wa linalofuata, ili ukienda mbele jiwe liteleze kama kwenye magamba ya samaki. Yeye kapanga kinyume. Gari langu sasa ni koleo. Kila nikipita tuta linachota. Juzi nimefungua, nimekuta udongo wa kupandia mahindi, na mche mmoja ulikuwa umeshaota. Sisemi uongo. Wa kijani kabisa.

---

Tope_Mpaka_Magotini

😂😂😂 Mche! Mwagilia mkuu, hilo ni shamba la kuhama.

---

FundiMstaafu

Mnacheka, lakini uchafu uliokwama mle juu si mzaha. Tope likikauka linafunika giaboksi, joto halitoki, na chuma kinaoza kimya kimya. Majani makavu yakilala karibu na bomba la moshi yanashika moto. Bamba linatakiwa liwe na matundu ya hewa na ya kupitisha maji ya kuoshea. Wengi wananunua kwa kuangalia rangi.

---

Mwendo_wa_Kobe

Wakuu.

Sumaku imenata.

Imenata kama kupe. Nimeivuta kwa mikono miwili. Nikakwangua kwa kisu, rangi ya fedha ikatoka kama ganda la kidonda, chini yake kutu. Nikachukua kipimo cha verniya. Milimita 2. MBILI. Ile "alumini ya milimita 6" ni bati lililopakwa rangi, ukingo wake umekunjwa mara mbili ndio uonekane mnene!

Na mtu aliyefanya haya yote, anajua aliyoyafanya, alipata ujasiri wa kuniangalia usoni na kuniita kaka.

---

SpanaNambaKumi

Ukingo umekunjwa 😂😂 huyo si fundi, huyo ni fundi cherehani.

---

Tope_Mpaka_Magotini

Mkuu na wewe hukuliinua hata mara moja kabla ya kulipia? Kilo 16 na bati la milimita 2 vya uzito karibu sawa, hapo nakuelewa. Ila kugonga kwa kucha tu ungesikia.

---

Mwendo_wa_Kobe

Ndiyo maana nilipolibeba nikaona uzito umekubali! Nikamsifu! Nilimwambia "aisee jepesi kweli"! Mungu wangu.

---

Dada_Difu

Ulimsifu 🙆🏾‍♀️

---

FundiMstaafu

Na hata ingekuwa alumini ya kweli, kwa anayepanda mawe kila wiki ningesema chuma. Chuma kinateleza juu ya jiwe. Alumini ni laini, jiwe linaing'ata, gari linakwama juu yake kama limebandikwa gundi. Alumini ni ya safari ndefu, mchanga na vumbi, jiwe moja moja. Na bolti angalia kichwani, iwe imeandikwa 8.8 kwenda juu, ndiyo alama ya uimara wake, siyo hizi za kufungia vitanda.

---

Gia_ya_Nyuma

Mzee hapo tunatofautiana. Kuna mabamba ya plastiki ngumu yanateleza kuliko hivyo vyote, wala hayapigi kelele.

---

Mwendo_wa_Kobe

Sasa mmesahau swali aliloniuliza?

---

Springi_Mpya

Kwa nini mnahangaika na mabamba? Nyanyueni gari inchi 2, mawe yapite chini, kila mtu alale.

---

FundiMstaafu

Springi Mpya, ekseli yako ni ya kipande kimoja? Ukinyanyua kwa springi bodi inapanda, difu, lile boga la gia kwenye ekseli, inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi.

---

Springi_Mpya

Tairi inchi 2 zaidi basi, napata inchi 2.

---

Dada_Difu

Unapata moja kaka. Ekseli iko katikati ya tairi. Nusu iko juu.

---

Springi_Mpya

Ndio nini sasa? Tairi kubwa ni tairi kubwa.

---

Tope_Mpaka_Magotini

Tairi bila kupunguza upepo ni kazi bure. Mimi kwenye mchanga nashuka hadi psi 18, napita mnapokwama nyote humu.

---

Gia_ya_Nyuma

18 na rimu hiyo yako? Tairi itakutoka kwenye kona ya kwanza. Na mimi tairi hizo aliniuzia yule yule, akasema mpya, kumbe zimechongwa upya.

---

Mwendo_wa_Kobe

Jamani mimi sampo yangu bado imepasuka.

---

Mgeni_Porini

Habari wakuu, mimi ni mgeni humu. Sijasoma uzi wote. Nimeona mnamzungumzia jamaa anayefunga mabamba ya alumini mepesi. Naomba mnielekeze kwake, gari langu halina kinga chini na wiki ijayo naenda kwenye mawe.

---

Tope_Mpaka_Magotini

Gia, rimu yangu inahusiana nini? Leta yako tukutane mchangani tuone nani ataomba kamba.