STI ya kazini kwenda Whistling Morans: niiendeshe au niipakie?

Mwalimu_Lanet
Wadau, habari za jioni. Nina Subaru Impreza STI ya 2008. Ndiyo ya kazini, ndiyo ya sokoni, na nimechoka kuifunga lijamu nyuma ya malori ya Salgaa. Nataka kuipeleka saketi ya Whistling Morans, Athi River, siku ya kuzunguka tu, si mashindano. Fundi wangu anasema niiendeshe mpaka huko. Shemeji anasema bila brekidauni ya kuipakia nisithubutu. Nimsikilize nani? Mfuko ni wa mwalimu, mnaujua.

Boksa_Kondele
Mwalimu, kwenda si shida, shida ni kurudi. Utatoka saketi jioni breki zimechoka, halafu uteremke Mai Mahiu gizani katikati ya matrela? Kama hela ya kupakia haipo, lala Kitengela, kagua gari asubuhi, ndipo urudi.

Na kabla ya yote badilisha mafuta ya breki. Yananyonya unyevu wa hewani. DOT 4, daraja la mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishashiba maji, kiwango ni 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea: unakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, gari halina habari.

Spana_Shabab
Naongezea oili. Injini za boksa kama hiyo yako, pistoni zimelala kulia na kushoto, zikikata kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi za konrodi zinakufa. Jaza mpaka alama ya juu ya kijiti, kagua kila ukitoka. Mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza, kisha egesha kwa gia, hendibreki usiiguse. Toa spea, jeki na kila kinachorukaruka butini.

Msomi_Milimani
Na bima je? Nyingi hazilipi gari likiharibika mashindanoni au kwenye majaribio ya mwendo. Soma karatasi zako. Mimi ningeanza na karti, vile vigari vidogo vya mbio, za kukodi Langata. Ukigonga, unagonga matairi.

Boksa_Kondele
Karti haitamfundisha kusimamisha karibu tani moja na nusu, kaka.

Mwalimu_Lanet
Basi naiendesha, nalala Kitengela. Shemeji atanuna. Helmeti ya bodaboda itapita?

Spana_Shabab
Waulize waandaaji kwanza. Ile ya mbio za magari yenye alama ya Snell SA, kiwango cha ubora wa helmeti, hupimwa pia kwa moto. Ya pikipiki haipimwi hivyo. Na uvae raba za soli nyembamba, Mwalimu, si viatu vya gwaride.