Naomba ushauri: neno "yua" la Wayup'ik niliitaje kwa Kiswahili?

Habari zenu wanajamvi. Naandaa maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu vinyago vya kuvaa usoni vya Wayup'ik, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Alaska, nimekwama.

Kwao mnyama anayewindwa hujitoa mwenyewe kwa mwindaji mwenye heshima. Ndiyo maana vibofu vya mkojo vya sili (mnyama wa baharini), ambamo waliamini yua yake hukaa, vilihifadhiwa, na wakati wa sikukuu ya Nakaciuq majira ya baridi vikarudishwa baharini kupitia tundu kwenye barafu, ili sili wazaliwe upya. Vinyago vyao vya mbao zilizoletwa na maji mara nyingi huonyesha sura ndogo ya mtu ndani ya mwili wa mnyama. Hiyo ndiyo yua, yaani "mtu wake".

Nimejaribu "roho", naona inaelekea mno kwenye dini zetu. "Mzimu" ni wa marehemu. "Pepo" inatisha, na ni kuwakosea heshima. Sasa navutiwa na "utu wa mnyama", ila naogopa msomaji ataelewa wema tu.

Je, "utu" inatosha, au niache "yua" na kuieleza? Na kwa kifaa chenyewe, niseme kinyago au barakoa? Natanguliza shukrani.