Uingereza wamepandisha kiwango cha tishio la ugaidi kuwa severe, mtu wa kawaida afanyeje?

BintiTanga_Leicester, 15 Nov 2021, usiku
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada mana kichwa kimejaa. Jana ile teksi imelipuka nje ya hospitali ya wanawake Liverpool, leo serikali imepandisha kiwango kutoka substantial kwenda severe, eti shambulio lina uwezekano mkubwa sana. Sawa nimesikia, ila baada ya kusikia ndo nifanye nini? Mi nafanya kea, yaani kuhudumia watu wasiojiweza, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri napanda basi mbili, watoto namwachia dada wa jirani mpaka muda wa shule. Navaa mtandio pia, na leo nimekaa tu kwenye basi mtu wa pembeni kainuka kahama siti. Mume wangu anasema tusikanyage town mpaka watangaze kimeshuka na tujaze chakula ndani. Mama kule Tanga kashapiga simu mara kibao. Nyie mliokaa huku muda mrefu, ikitangazwa hivi mnabadilisha nini?

MzeeWaBham, 15 Nov 2021
Pole sana mdogo wangu. Kwanza ujue kiwango hiki hakipangwi na waziri, yeye anakitangaza tu. Kuna kituo kinaitwa JTAC, kipo chini ya MI5, shirika la usalama wa ndani la Uingereza, wamekaa humo watu wa ujasusi, polisi, jeshi na wizara tofauti, wanapima taarifa walizonazo halafu wanaamua. Safari hii sababu wameisema wazi, matukio mawili ndani ya mwezi mmoja, mbunge David Amess kauawa kwa kisu Oktoba 15 kule Essex na sasa hili la Liverpool. Ngazi ziko tano, low, moderate, substantial, severe na juu kabisa critical. Critical ndo ile ya 2017 baada ya bomu la ukumbi wa Manchester Arena walipouawa watu 22, tukaona mpaka wanajeshi wamewekwa kwenye ulinzi, baada ya siku chache ikashuka. Severe inaweza kukaa sana. Iliwekwa Agosti 2014 ikaja kushuka Novemba 2019, ukitoa zile siku chache za critical mara mbili mwaka 2017, na muda wote huo watu walienda kazini, walioa, walizaa. Kwahiyo mwambie shemeji mkisubiri ishuke ndo mtoke mnaweza kusubiri miaka.

Na ikishuka pia msijisahau. Mei 2005 walishusha kiwango, Julai 7 mabomu yakapigwa kwenye treni na basi London wakafa watu 52. Wakati huo raia hata hatukuwa tunaambiwa kiwango kipo wapi, wameanza kukiweka hadharani Agosti 2006. Wanachokuambia ni uwezekano, siku na mahali hawakwambii kwasababu mara nyingi na wao hawajui.

MlinziMlangoni, 16 Nov 2021
Mzee kamaliza, naongezea upande wa kazi mana mi nasimama mlangoni kwenye ukumbi. Kikipanda wa kubadilisha mambo ni sisi kabla yako wewe. Leo asubuhi supavaiza katuita kabla ya shifti, mlango wa pembeni hauingiwi tena ila kutoka unafunguka, gari ya mizigo kama jina la dereva halipo kwenye orodha haisogei, kila begi linafunguliwa, na kila saa mmoja wetu anazunguka kuangalia vyooni, nyuma ya mapipa na chini ya ngazi. Ukikutana na foleni ndefu jua ndo hiyo severe inafanya kazi, usitukasirikie.

Wewe dada unachotakiwa ni vitu vichache na vishike siku zote, kiwe kimepanda au kimeshuka. Ukiingia sehemu yenye watu angalia mlango wa pili wa kutokea uko wapi. Likitokea shambulio, polisi wanasema kimbia, jifiche, toa taarifa, kwa mpangilio huo huo. Kimbia kama kuna njia salama, vitu acha, usisimame kurekodi video. Huwezi kutoka basi jifungie, kaa mbali na mlango, simu zima mlio na mtetemo pia, mana simu ikitetemeka juu ya meza inasikika hadi nje. Kisha piga 999, namba ya dharura. Na ukiona kitu hakijakaa sawa wakati hakuna hatari ya papo hapo, kuna 0800 789 321 ya polisi wa kupambana na ugaidi.

Mkenya_SouthB, 16 Nov 2021, jioni
Nawasoma nikiwa Nairobi na leo asubuhi Kampala wamelipuliwa, karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na bunge. Poleni jirani zetu, roho inauma kweli. Sisi hapa hatusomewi ngazi, tumezoea soja, yaani mlinzi, kukufungulia buti ya gari na kukupitishia mashine kila ukiingia mall, tangu shambulio la mall ya Westgate 2013 tulipopoteza watu 67. Lakini nikuambie dada, pale hoteli ya Dusit hapa Nairobi, Januari 2019, tulipoteza 21 na waliotolewa wakiwa hai walizidi 700, wengi walijifungia maofisini na vyooni wakanyamaza, wakawa wanatuma meseji tu. Usidharau hilo la kunyamaza. Na sisi wa nyumbani tulikosea, tulikuwa tunawapigia simu mfululizo. Mwambie mama yako mapema kwamba siku ikitokea kitu asipige, utamtumia neno moja ukiwa salama.

Ummu_Coventry, 16 Nov 2021
Hiyo ya mtandio imeniuma sana mdogo wangu, usiuvue wala usijifungie ndani kwa ajili ya mtu aliyehama siti. Kuhama siti sio kosa, ila akikutukana au akikugusa mwambie dereva palepale, shika namba ya basi na saa, halafu piga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura. Ukiwa kwenye hatari 999 moja kwa moja. Namba hizo zipo kwa ajili yako pia.

Kuhusu chakula, kuwa na akiba kidogo sio mbaya, maji, tochi, dawa za watoto, pawabenki yenye chaji, hata umeme ukikatika vitakufaa. Ila mi naona kikubwa kwako ni huyo dada wa jirani. Ukikwama kazini mabasi yamesimama nani anawachukua watoto shule? Jina lake lipo shuleni kwenye orodha ya wanaoruhusiwa? Kama halipo hawampi mtoto. Kesho piga ofisi ya shule umwandikishe, na mkubwa akariri namba yako kichwani.

BintiTanga_Leicester, 16 Nov 2021
Asanteni sana jamani, jina lake halipo kweli, kesho nikitoka shifti napitia shuleni. Mume wangu nimemsomea yote, ameelewa. Swali la mwisho, nikiwa nimejificha siwezi kuongea, hiyo 999 napigaje?

MlinziMlangoni, 16 Nov 2021
Kwa simu ya mkononi piga hivyohivyo, usipojibu utasikia unaambiwa ubonyeze 55, ukibonyeza unaunganishwa polisi na wao watakuuliza maswali ya kujibu hata kwa kukohoa au kugonga simu. Angalizo, hiyo 55 yenyewe haiwaonyeshi ulipo. Kwahiyo jisajili na huduma ya 999 ya meseji leo leo, tuma neno register kwenda 999 ufuate maelekezo, ili siku hiyo uweze kuwaandikia mtaa na jengo ulilopo.