Watunzi wa simulizi za kijasusi 18+, mnakula hela zetu bure

Wakuu, hizi simulizi za kijasusi zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp zimenifika hapa, leo naongea.

Mfumo mnaujua. Sehemu za mwanzo bure, ukishanogewa unaambiwa itaendelea kwa waliolipia, unatuma hela, unaungwa grupu. Mtunzi kula kwa kalamu yake ni haki yake kabisa. Shida ni tunachopewa tukishalipa.

Hii niliyomaliza juzi, mume anapigwa risasi sebuleni mkewe anaona, jioni hiyohiyo mpelelezi anampeleka gesti eti kumficha, na sehemu mbili nzima ni kitandani tu. Marehemu hajazikwa, hakuna aliyelia, wala hatujaambiwa huyu mama ni mtu wa namna gani mpaka aweze hivyo. Angekuwa ndiye kapanga mauaji ningesema hapo mtunzi kanipata, kumbe wala, kawekwa ili watu wakomenti "moto admin". Na mpelelezi asubuhi kachomwa kisu cha bega, mkono hauinuki, usiku anambeba mwanamke mzima mzima! Jamani.

Na asije mtu hapa kuniambia mimi mlokole. Nimekulia kwenye riwaya za kijasusi za Musiba, jasusi wake Willy Gamba alipenda warembo na aliua watu, nani asiyejua? Lakini riwaya yake ya Kufa na Kupona ilikuwa na kazi ndani yake, nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibiwa, na Dar ndiko Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikokuwa na makao tangu 1963, kwa hiyo kila aliyekufa mle ulijua kafa kwa sababu gani. Mimi napima hivi tu: toa hilo tukio la kitandani, toa hayo mauaji, hadithi inayumba? Kama haiyumbi basi ulikuwa unajaza kurasa uuze.

Mapigano nayo ni aibu. Magazini ya bastola ya Makarov inaingia risasi 8, jamaa kwenye ghala la Kurasini kafyatua nikahesabu 19, hajabadili magazini wala kuokota silaha nyingine. Halafu hadithi ni ya mwaka 1998 lakini anakimbizwa na gari juu ya Daraja la Kigamboni, daraja limefunguliwa 2016! Miaka ile tulikuwa tunapanga foleni ya pantoni Magogoni, na kinachoniuma ni kwamba foleni ile ndiyo ingekuwa balaa lenyewe, adui nyuma, maji mbele, pantoni bado iko ng'ambo, hapo hata ungeniuzia sehemu hiyo peke yake ningelipa.

Wasomaji nao, nusu wanalia laana laana, nusu wanataka moto zaidi, hakuna anayeuliza kisa kinaenda wapi. Mtoto wa marehemu katekwa sehemu ya pili, na huyo ndiye sababu ya mpelelezi kuitwa, lakini hadithi imeisha watu wako hotelini Zanzibar wanagonga glasi, mtoto hajatajwa tena, hajulikani kama hai au kafa. Nimeuliza kwenye grupu, admin kaniremuvu hapohapo. Hela sijarudishiwa, na tangazo la msimu wa pili limeshatoka, bei imepanda.